"Kashika namba ngapi?" Dhana potofu kuhusu kupima maendeleo ya mtoto anayesomea nyumbani

Kila muhula ukiisha mama yangu hupiga simu kutoka Tanga, na swali lake halibadiliki: "Haya mwanangu, mjukuu wangu kashika namba ngapi?" Namjibu kashika ya kwanza na ya mwisho pia, maana darasa zima lina mwanafunzi mmoja na liko kwenye meza yetu ya kulia chakula, hapa Texas, Marekani. Mama hucheka, ila haridhiki. Kwetu maendeleo ni nafasi darasani. Ukikosa nafasi, umekosa habari.

Binti yetu ana miaka mitano na yuko mwaka wa kindagateni, ambao nyumbani ungekuwa darasa la awali. Tangu tuanze kumsomesha wenyewe, nimeyasikia haya misibani, harusini, na kwenye foleni ya duka la unga wa ugali.

"Serikali itakuja kumkagua."

Inategemea unaishi jimbo gani. Kusomesha nyumbani ni halali katika majimbo yote 50, lakini kila jimbo lina utaratibu wake. Hapa Texas, kwa hukumu ya Mahakama ya Juu ya jimbo ya mwaka 1994 katika kesi ya Leeper, nyumba inayofundisha kwa dhati huhesabiwa kama shule binafsi. Uwe na mtaala unaogusa kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema, basi. Hakuna ripoti ya kupeleka jimboni. Ukihamia New York mambo yanageuka: mpango wa mwaka, ripoti nne, na tathmini mwishoni. Pennsylvania nao wanataka faili la kazi za mtoto, na mtu wa kulipitia. Hata umri unatofautiana. Lazima ya kusoma huanza miaka 6 hapa na 8 kule Washington, kwa hiyo mtoto wa miaka mitano mara nyingi sheria haijamfikia.

Mimi naandika kumbukumbu kwa sababu kazi ya mume wangu inaweza kutuhamisha wakati wowote, na sitaki kufika mahali nikaulizwa "anajua nini?" nikabaki natafuna maneno.

"Viwango ni mtihani: asipoviweza kufikia Desemba, amechelewa."

Hili limewakosesha usingizi wazazi wengi bure. Viwango vinaeleza mtoto anatarajiwa kuweza nini mwaka *ukiisha*. Majimbo mengi yalichukua Common Core, viwango vya pamoja vya lugha na hesabu vya mwaka 2010. Texas ilikataa, ina vyake viitwavyo TEKS. Mimi husoma vyote viwili, na nashauri mzazi asome matini yenyewe badala ya orodha za mitandaoni zilizotiwa chumvi.

Kwenye matini utakuta mambo ya upole usiyoyatarajia. Common Core inasema mtoto wa kindagateni aandike herufi *nyingi*, kubwa na ndogo; haisemi zote. Kujumlisha na kutoa ni ndani ya 10, na wepesi wa kujibu bila kusitasita unatakiwa ndani ya 5 tu. Na kwenye kuelewa hadithi, kiwango baada ya kiwango kinaanza kwa maneno yenye maana ya "kwa kuongozwa na kusaidiwa". Yaani ukimdokeza mtoto "halafu sungura akafanya nini?" hujaiba mtihani. Ndivyo kiwango kilivyoandikwa.

"Kiswahili ndicho kinachomchelewesha."

Jirani mmoja Mkenya, mwenzetu wa mtaani, aliniambia hivi kwa nia njema kabisa: "Acha Kiswahili kwanza, ashike Kizungu." Sikumfuata, na daftari langu limenipa sababu.

Chukua hesabu. Kiwango kimoja cha kindagateni kinataka mtoto aone kwamba namba za 11 hadi 19 ni kumi moja na mabaki kadhaa. Kwa Kiingereza ni kazi ngumu. "Eleven" na "twelve" hayasemi chochote juu ya kumi. Binti yangu anaposema "kumi na tatu" jibu limo mdomoni mwake. Nilikata kasha la mayai 12, nikaondoa vishimo viwili vikabaki kumi, nikampa maharagwe 13. Akajaza kasha, akatazama matatu yaliyobaki mezani, akasema, "Mama, kumi, na tatu." Nikaandika tarehe. (Tusijisifu kupita kiasi: ishirini mpaka tisini tulizitoa Kiarabu, na hapo mtoto anakariri kama wenzake wote.)

Kwenye herufi ni kinyume, na hapo ndipo mzazi anaweza kujidanganya. Nikimwonyesha *i*, husema "i", kama ya "kiti". Kiingereza kinataka aiite "ai", na ile sauti anayoitoa yeye ndilo jina la *e* yao. Mtu asiyejua Kiswahili angemwandikia kwamba hajui irabu. Anazijua, ila kwa lugha moja. Ndiyo maana ukurasa wangu wa herufi una safu mbili, moja ya Kiswahili na moja ya Kiingereza, na mwezi wa tatu safu ya kwanza ilikuwa imejaa wakati ya pili ina mapengo. Sikuanza upya; nilifundisha mapengo.

Kugawa neno katika silabi, ambako pia ni kiwango, alikuja nako tayari: ma-ha-ra-gwe, makofi manne. Shida ilikuja kwenye maneno yanayoishia na konsonanti, maana "cat" aliifanya "kati". Hilo ni suala la matamshi, nikaliandika kama matamshi, si kama kushindwa kusoma.

"Karatasi za mazoezi zikijaa, anaendelea."

Karatasi 40 zilizopakwa rangi zinaonyesha kwamba mtoto anapenda kalamu za rangi. Jaribu hivi: mpe maharagwe saba ayahesabu, kisha uliza, "Yako mangapi?" Akianza kuhesabu upya kutoka moja, bado hajashika kwamba namba ya mwisho aliyotaja ndiyo idadi, hata kama anaimba mpaka mia bila kukosea. Kuimba mia na kuhesabu saba ni viwango viwili tofauti.

Kwangu daftari moja linatosha. Kila Ijumaa naandika mistari mitatu au minne: alifanya nini, kwa msaada au peke yake, tarehe. Mara moja kwa mwezi namrekodi kwa simu akisoma, na natunza karatasi moja ya mwandiko. Nilianza kwa kuandika kila siku. Nilidumu siku tisa.

"Akiwa nyuma, ngoja, atakua tu."

Mengine ndiyo, yanangoja. Kugeuza *b* na *d* ni kawaida kwa mtoto wa umri huu. Lakini kama hasikii vizuri, hafuati maelekezo mafupi kwa lugha *yoyote* kati ya zake, au alichokiweza jana kimepotea miezi mfululizo, usingoje. Sheria ya shirikisho iitwayo IDEA inazitaka wilaya za shule kuwatafuta watoto wenye ulemavu na kuwapima bila malipo, hata wasiosoma katika shule zao. Omba kwa barua yenye tarehe, ubaki na nakala, na useme wazi kwamba nyumbani mnaongea Kiswahili, ili mtoto asipimwe kwa Kiingereza peke yake.

Wa kwangu bado anaandika *d* akitaka *b*. Ijumaa iliyopita aliandika "dada" akasoma "baba", akacheka mwenyewe. Nimeweka tarehe.