Kupiga picha za vipepeo kwa karibu Dodoma: anza na upepo, lenzi baadaye

Wanaoniuliza kuhusu picha za vipepeo huanza na lenzi. Kwa sisi wa Dodoma, hasa kuanzia Juni hadi Oktoba, swali la kwanza ni upepo. Kila kitu kimekauka, vipepeo wanakimbilia bustani inayomwagiliwa, na hapo hapo maua ya zinia na lantana hayatulii hata sekunde mbili.

Hesabu yenyewe ni hii. Ukimsogelea mdudu hadi taswira yake kwenye sensa (kibao ndani ya kamera kinachonasa mwanga) ilingane na ukubwa wake halisi, yaani 1:1, kwa f/8 (kipimo cha tundu la lenzi) kinachotoka kikali ni unene wa kama milimita 1. Ua likisogea kidogo tu, umemkosa. Ukirudi nyuma hadi nusu ya ukubwa halisi unapata karibu milimita 3. Ndiyo maana lenzi ya makro (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu) ya 1:1 inayotajwa sana madukani siitumii mara nyingi kwa vipepeo. Kipepeo wa sentimita 7 haenei kwenye sensa ya milimita 36 hata ukitaka.

Hizo milimita 3 zinatosha ukizitumia vizuri. Bawa ni bapa. Kipepeo akiyafunga mabawa, piga magoti, weka mgongo wa kamera sambamba na bawa, na jicho, vipapasio na ncha ya bawa vyote vitakaa kwenye fokasi. Ukipinda kidogo tu, jicho litakuwa kali na bawa lote ukungu.

Nenda saa moja na nusu hadi saa tatu asubuhi. Upepo bado mdogo, na vipepeo wanaota jua kwa sababu misuli ya kurukia haijapata joto. Msogelee ukiwa chini, polepole, na kivuli chako kisimguse. (Wapo wanaomtia kipepeo kwanza kwenye friji ili atulie. Mimi sikubaliani nao, na picha inawasaliti: kipepeo wa baridi hasimami kama anayekula.)

Flashi ndogo yenye kitambaa cheupe mbele husaidia, maana mwako wake ni mfupi kuliko muda ambao shata (pazia la kamera) huwa wazi na hugandisha ua linaloyumba. Ila acha mwanga wa bustani uingie pia, la sivyo mandhari yatakuwa meusi kama umepiga usiku.

Wa kujifunzia ni Danaus chrysippus, yule wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi. Viwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe wa sumu, ndege wanamwepuka, kwa hiyo haendi kwa haraka. Lakini angalia bawa la nyuma: jike la kipepeo mwingine, Hypolimnas misippus, humwiga karibu kila kitu. Danaus ana madoa meusi matatu au manne katikati ya bawa hilo. Mwigaji ana moja tu, karibu na ukingo wa mbele. Bawa la nyuma likitoka ukungu, picha yako haina jina.

Mgumu ni Papilio demodocus, yule mkubwa mweusi na manjano ambaye viwavi wake hutafuna milimau. Hupigapiga mabawa hata akiwa ananyonya nekta. Kwa huyo zima flashi, pandisha kasi ya shata hadi 1/1600 ya sekunde au zaidi, ongeza ISO (usikivu wa sensa kwa mwanga) bila kuogopa chengachenga, piga mfululizo, na fokasi iwe kichwani. Mabawa yakitikisika kidogo, mimi nayaacha.