Mtoto katulia ICU, je ubongo wake nao umetulia?

Wazazi wengi huku Malindi wakimkuta mtoto ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, na nyaya kichwani wanashtuka, wanatuuliza mbona mnamtia stima mtoto mgonjwa. Hapana jamani, hakuna stima inayoingia. Ubongo wenyewe ndo unatoa umeme mdogo sana, kila binadamu anao, na mashine ya EEG inaupokea kupitia vidude vinavyobandikwa juu ya ngozi ya kichwa halafu inauchora mawimbi kwenye skrini, haiumi, na nywele kawaida hazinyolewi. Si majaribio pia, Mjerumani Hans Berger alirekodi mawimbi ya ubongo wa mtu tangu 1924.

Sasa mtoto mwenye malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo ama aliyeumia kichwa, akiwekwa kwa mashine ya kupumulia anapewa dawa za usingizi mzito kama midazolamu, na saa zingine dawa ya kulegeza misuli. Hapo ndo shida. Degedege sote twaijua, mtoto anakakamaa, macho yanapinduka, lakini huyu mwili ushalegezwa hautikisiki, ubongo unaweza kuwa kwenye degedege saa nzima na mama yuko pembeni anasema alhamdulillahi leo kalala vizuri, na ata daktari akimtazama kwa macho haoni kitu. Watafiti wa hapa hapa Kilifi waliliona hili miaka ya 90 kwa watoto wa malaria, EEG ikaonyesha degedege ambayo nje ni jicho tu linavutwa upande, mate yanatoka ama pumzi inapungua, na wengine hawana dalili yoyote.

Kupima mara moja nusu saa mara nyingi haitoshi manake degedege hizi huja zikapotea, ndo maana twapenda mtoto akae na nyaya saa 24 ama zaidi. Mashine pia yatuonyesha kina cha usingizi. Mawimbi yakifumka kisha yakalala kimya sekunde kadhaa, yakifumka tena, yani usingizi ni mzito mno, na kama hatukuukusudia hivyo kwa ajili ya degedege sugu basi dawa tunapunguza, ikizidi inashusha presha.

Mshike mkono, ongea naye, hatukatazi. Ila ukimgeuza ama kumpangusa kichwa mwambie nesi kwanza, mtikiso unachora mawimbi ya uongo. Na ukiona kope inachezacheza ama mdomo unatafuna mwite saa hiyo hiyo, aandike dakika uliyoiona tulinganishe na mawimbi.