Saratani ya kongosho na majaribio ya tiba: dhana zinazotucheleweshea swali

Kongosho ni kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo, karibu na uti wa mgongo, na hiyo ni sababu mojawapo ya saratani yake kukawia kugunduliwa. Mtu huanza kwa maumivu ya chembe cha moyo yanayopenya hadi mgongoni, akapewa dawa za vidonda vya tumbo, akakonda, pengine kisukari kikamzukia ukubwani, na siku macho yanapogeuka manjano ndipo anapopelekwa kupigwa picha. Wanaokutwa mapema kiasi cha kufaa kufanyiwa upasuaji ni takriban mmoja kati ya watano, au chini ya hapo. Waliobaki huelezwa habari za kemo, yaani dawa za kuua chembe za saratani, na ni wachache wanaoelezwa habari za jaribio la tiba, yaani utafiti ambao wagonjwa hupewa dawa mpya, au mpangilio mpya wa dawa za zamani, kwa kufuata kanuni zilizoandikwa na kuidhinishwa kabla ya mgonjwa wa kwanza kuguswa.

Niliyaona hayo nyumbani kwetu, Mji wa Kale, Mombasa, tulipokuwa tukimuuguza mjomba wangu. Daktari aligusia utafiti mara moja tu, na neno majaribio lilipofika kwenye kikao cha familia mazungumzo yakaishia hapo hapo. Tuliporejea kuuliza, miezi mitatu ilikuwa imepita, na mjomba hakuweza tena kuinuka kitandani bila ya kushikwa. Sisemi kwamba utafiti ungemponya. Nasema kwamba tuliuliza wakati jibu lilikuwa limeshaamuliwa na hali ya mwili wake, na kilichotuchelewesha ni mambo tuliyoyaamini bila ya kuyachunguza.

"Utafiti ni wa mgonjwa aliyeshindikana hospitali."

Dhana hii ndiyo yenye madhara makubwa kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo. Familia nyingi huuweka utafiti mwisho wa safari: kwanza kemo, kisha kemo nyingine, kisha safari ya India kwa wenye uwezo, kisha mitishamba, na yote yakishindwa ndipo huulizwa kama kuna dawa mpya popote. Majaribio mengi ya saratani ya kongosho huenda kinyume cha mpango huo. Yapo yanayomtaka mgonjwa ambaye hajaanza tiba yoyote, na kemo ya kwanza inaweza kumfungia mlango. Yapo ya waliokwisha kufanyiwa upasuaji, na yapo ya wale ambao dawa ya kwanza imewashinda lakini bado wana nguvu za kutosha.

Jaribio la Ufaransa lililochapishwa mwaka 2011 ni mfano mzuri. Wagonjwa 342 ambao saratani yao ilikuwa imeshasambaa waligawanywa katika makundi mawili: moja likapewa dawa ya kemo iitwayo gemcitabine peke yake, jingine mchanganyiko wa dawa nne uitwao FOLFIRINOX. Katika kundi la gemcitabine nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya miezi 6.8, na katika kundi la mchanganyiko nusu yao walivuka miezi 11.1. Hata hivyo, waliokubaliwa wote walikuwa hawajapata kemo kwa ugonjwa huo uliosambaa, hawakuzidi umri wa miaka 75, na waliweza kutembea na kujihudumia wenyewe. Mwaka 2018 jaribio jingine, la Ufaransa na Kanada, liliipima aina iliyopunguzwa makali ya mchanganyiko huo kwa watu 493 waliokwisha kutolewa uvimbe. Kwa waliopewa mchanganyiko huo, wastani wa kati wa maisha, yaani muda ambao nusu yao waliuvuka, ulifika miezi 54.4, ukilinganishwa na 35 kwa waliopewa gemcitabine. Hawa hawakuwa watu waliokatiwa tamaa. Walikuwa ndio wagonjwa wenye nafasi nzuri kuliko wote.

Kwa hiyo anayemtafutia mgonjwa wake nafasi ya utafiti ana kazi ya kufanya tangu wiki ya kwanza. Manjano ya macho yakitokana na mrija wa nyongo kuzibwa, huondolewa kwa kuwekewa kijirija cha kupitishia nyongo, na vipimo vya ini vikishindwa kushuka majaribio mengi hayampokei mgonjwa. Kukonda nako si jambo la kutazamwa tu. Kongosho likishindwa kutoa vimeng'enya, chakula hupita bila ya kusagwa, na choo huwa cha mafuta na chenye harufu kali. Vipo vidonge vya vimeng'enya vinavyomezwa pamoja na mlo, na wapo wagonjwa waliorudi kushika mwili kwa sababu hiyo tu. Sukari nayo idhibitiwe. Haya humfaa mgonjwa hata kama hataingia katika utafiti wowote.

"Watamfanyia majaribio kama panya, na damu wataichukua wakafanye watakalo."

Sisi wa pwani tumekua tukisikia habari za mumiani, na hofu hiyo haikuondoka pale watafiti walipokuja na vibandiko na sindano zao. Kituo cha utafiti cha KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na Wellcome, shirika la Uingereza, kilianzishwa Kilifi mwaka 1989, na vijiji vya huko vilizungumza kwa miaka mingi juu ya damu inayochukuliwa na inakopelekwa. Siwacheki waliosema hivyo. Dunia imeona mambo ya kutisha: huko Tuskegee, Marekani, kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, mamia ya wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila ya tiba, hata baada ya penisilini kupatikana, ili ugonjwa utazamwe unavyokwenda. Anayeogopa ana historia mkononi.

Lakini historia hiyo hiyo ndiyo iliyoleta kanuni za leo. Jaribio la dawa nchini Kenya haliruhusiwi kuanza mpaka kamati ya maadili ilipitie na kuliidhinisha, mpaka Bodi ya Dawa na Sumu itoe kibali, na mpaka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi, iruhusu utafiti wenyewe. Mgonjwa husomewa na kupewa fomu ya ridhaa kwa lugha anayoielewa, naye ana haki ya kwenda nayo nyumbani, kuwaonyesha watoto wake na daktari mwingine, na kukataa. Akishatia saini bado anaweza kujitoa siku yoyote, bila ya kutoa sababu na bila ya kunyimwa matibabu ya kawaida. Fomu ieleze pia sampuli za damu na za uvimbe zitahifadhiwa wapi, kwa muda gani na kwa kazi gani. Ikiwa haielezi, hilo ndilo swali la kwanza.

Jambo moja zaidi kuhusu Kilifi, kwa sababu ni jirani zetu: kilikuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi saba za Afrika ambako chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kwa watoto, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza itumike kwa wingi mwaka 2021. Wazazi waliokubali walikuwa watu kama sisi, wenye hofu kama zetu, na walipewa nafasi ya kuuliza.

"Huenda akapewa kidonge kitupu huku saratani ikimla."

Mgonjwa wa saratani hanyimwi tiba inayojulikana kumfaa ili apewe kidonge kisicho na dawa. Katika majaribio mengi kundi la kulinganishwa hupata kemo bora iliyopo wakati huo, na kundi jingine hupata tiba mpya, au kemo hiyo hiyo ikiongezwa dawa mpya. Kompyuta ndiyo inayopiga kura ya nani aingie kundi gani, si daktari wala jamaa yake.

Kidonge kitupu hutumika pale ambapo desturi ya tiba ni kumpumzisha mgonjwa na kumwangalia. Ndivyo ilivyokuwa katika jaribio la dawa ya vidonge iitwayo olaparib lililochapishwa mwaka 2019, kwa wagonjwa 154 waliozaliwa na hitilafu katika jeni za BRCA na ambao ugonjwa wao ulikuwa umetulia baada ya wiki 16 au zaidi za kemo. Waliopewa olaparib walikaa miezi 7.4 kabla ya ugonjwa kuendelea, na waliopewa kidonge kitupu 3.8, ijapokuwa urefu wa maisha kwa jumla haukutofautiana. Hili huandikwa wazi katika fomu, na haliwezi kufichwa.

"Dawa mpya ni lazima iwe bora kuliko ya zamani."

Hii ni dhana potofu ya upande wa pili, na wanaoishika ni watu wenye matumaini, jambo linalofanya iwe vigumu kuwasahihisha. Dawa ingekuwa inajulikana kuwa bora, lisingekuwapo jaribio. Nchini Marekani ilijaribiwa dawa iliyokusudiwa kulainisha tishu ngumu inayouzunguka uvimbe wa kongosho ili kemo ipenye. Wazo lilikuwa zuri sana, lakini walioongezewa dawa hiyo juu ya mchanganyiko wa kemo waliishi kwa wastani wa kati wa miezi 7.7, huku waliopata kemo peke yake wakifika 14.4. Utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu matokeo hukaguliwa njiani bila ya kungojewa mwisho.

Inafaa pia kuuliza jaribio liko hatua gani. Hatua ya kwanza hupima usalama na kiasi cha dawa kwa watu wachache. Ya pili hutazama kama dawa inaufanya uvimbe usinyae au utulie. Ya tatu huilinganisha na tiba iliyopo kwa mamia ya watu. Chanjo ya saratani ya kongosho ya aina ya mRNA, inayoufundisha mwili kuutambua uvimbe, iliyotengenezwa kwa kila mgonjwa peke yake, ambayo habari zake zilisambaa sana mwaka 2023, ilikuwa imejaribiwa New York kwa wagonjwa 16 tu waliokwisha kufanyiwa upasuaji, na kinga ya mwili iliitikia kwa nusu yao. Ni habari ya kutia moyo, na ilikuwa hatua ya kwanza.

"Utafiti hulipiwa na mgonjwa."

Dawa inayojaribiwa na vipimo vya ziada kwa kawaida hugharimiwa na mwenye utafiti. Kemo ya kawaida, nauli na malazi hutofautiana, kwa hiyo viulizwe kimoja kimoja, pamoja na nani atalipa iwapo dawa itamdhuru mgonjwa. Anayetangaza tiba ya majaribio, akataka malipo makubwa mbele na kuahidi kupona, huyo anauza. Jaribio la kweli lina namba katika rejesta ya wazi, kama vile ClinicalTrials.gov au ile ya Afrika inayoendeshwa kutoka Cape Town, na lina kibali cha kamati ya maadili ambacho mtu yeyote anaweza kuomba kukiona. Na mgonjwa anayetumia mwarubaini au dawa nyingine ya kienyeji awaambie watafiti bila ya kuona haya, maana baadhi ya mimea hubadilisha namna ini linavyoisafisha kemo.

"Mombasa hakuna, basi hakuna haja ya kuuliza."

Ni kweli kwamba majaribio mengi ya saratani hii yako Marekani, Ulaya na mashariki ya Asia, na kwamba kituo cha mbali humtaka mgonjwa ahudhurie kila wiki mbili au tatu kwa miezi. Kwa baadhi ya familia hesabu hiyo haikubali, na kubaki nyumbani kwa kemo ya hapa mjini na tiba ya kupunguza maumivu ni uamuzi wa heshima. Hata hivyo kuuliza kuna faida ya pili. Daktari wa saratani akiulizwa juu ya utafiti hulazimika kufikiria kipimo cha jeni, ambacho siku hizi hupendekezwa kwa kila mgonjwa wa saratani ya kongosho. Hitilafu ya BRCA ikionekana, kemo yenye platinamu huwa chaguo lenye uzito zaidi, na watoto na ndugu wa mgonjwa nao hujua kwamba wanapaswa kuchunguzwa, kwa kuwa jeni hizo huhusika pia na saratani ya matiti na ya ovari.

Kipande cha uvimbe kilichochukuliwa kwa sindano au kwa upasuaji ndicho vituo vingi vitakachokiomba, hasa sasa ambapo zinajaribiwa dawa zinazolenga jeni ya KRAS, iliyoharibika kwa takriban wagonjwa tisa kati ya kumi. Familia iulize maabara, wiki hiyo hiyo majibu yanapotoka, kipande hicho kimehifadhiwa wapi, kwa jina na namba gani, na kitakaa kwa muda gani kabla ya kutupwa.