Je, wajua kwa nini wengine hutaka maji machafu ya visima vya mafuta yawekwe akiba chini ya ardhi?

Tangu mwaka 1968 bomba la TAZAMA linapita Iringa na Mbeya likipeleka mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, Zambia. Sisi tunaona bomba tu, kisima hatukijui, kwa hiyo ni rahisi kudhani kisimani hutoka mafuta matupu. Sivyo. Katika Bonde la Permian, kule Texas na New Mexico nchini Marekani, pipa moja la mafuta huja na mapipa matatu au zaidi ya maji. Mengi yana chumvi mara kadhaa kuliko bahari, na ndani yake kuna mabaki ya mafuta na madini ya mionzi kama radiamu. Yakimwagika shambani, ardhi hiyo imekufa.

Basi husukumwa chini kwa presha. Kwa miaka mingi imekuwa ni kuyatupa tu, na watu wa jimbo la Oklahoma, hukohuko Marekani, waliyaona madhara yake: presha ililegeza nyufa za kale za miamba, na tarehe 3 Septemba 2016 tetemeko la kipimo cha 5.8 likaupiga mji wa Pawnee. Huku nyuma, kisima kipya kimoja cha kupasua mwamba, yaani cha kuupasua kwa presha ya maji ili mafuta yatoke, hutumia makumi ya mamilioni ya lita za maji, tena katika nchi kame. Ndipo wachimbaji mafuta wakajiuliza: kwa nini tusiyaweke mahali tutakapoweza kuyachota tena?

Lakini mwamba unawekaje maji? Chukua lile jiwe jepesi la Rungwe la kusugulia visigino, ulitie kwenye beseni. Linaelea. Matundu linayo tele, ila maji hayapiti humo kwa urahisi, hewa imenaswa. Mwamba wa hivyo haufai. Sasa gusa mtungi wa Ikombe uliojaa maji: kwa nje una jasho, maana vinyweleo vyake vinapitishana maji. Mwamba wa mchanga ndivyo ulivyo. Unachohitaji zaidi ni tabaka gumu juu yake, lisilopitisha kitu, ili maji hayo yasipande hadi kwenye maji ya kunywa. Hapo hakuna mchezo. Tabaka likiwa na ufa, mahali hapo paachwe.

Kabla ya kuyashusha, mafuta huenguliwa, tope huchujwa na bakteria huuawa. Bila hivyo, bakteria hutoa gesi inayonuka mayai viza na kula vyuma. Tena maji ya visima tofauti hayachanganywi ovyo: madini ya bariamu ya huku yakikutana na salfeti ya kule, hufanya ukoko mgumu kama wa ndani ya birika, na vinyweleo vikaziba.

Mkulima wa Usangu, aliyeuona Ruaha Mkuu ukikauka kiangazi, atauliza kama maji hayo hayawezi kumwagilia mpunga. Kuitoa chumvi yote hiyo hula nishati nyingi na kuacha marundo ya chumvi ya kutafutiwa pa kuweka. Kwa hiyo maji hayo yakichotwa hurudi kupasua mwamba wa kisima kinachofuata, na maji matamu ambayo yangechotwa kwa kazi hiyo hubaki yalipo.