Kukohoa Damu, "Damu Nzito" na Saratani ya Mapafu: Maswali Tunayoulizwa Mtwara

Je, ni kweli kwamba dawa za kulainisha damu hutibu saratani ya mapafu?

Hapana. Wazo hilo lina chanzo cha kweli, kwa kuwa saratani huifanya damu igande upesi, na kuganda huko huzisaidia seli za saratani kujishikiza na kusambaa. Ndiyo maana dawa za kulainisha damu, kama heparini na warfarini, zilijaribiwa. Nchini Uingereza, katika utafiti wa wagonjwa 2,202 wa saratani ya mapafu, baadhi yao waliongezewa sindano za dalteparini, aina ya heparini, juu ya matibabu ya kawaida. Mabonge ya damu yalipungua, lakini hawakuishi zaidi ya wenzao, na walitokwa damu zaidi.

Mbona basi hospitalini wagonjwa hao hupewa dawa hizo?

Hupewa kwa ajili ya bonge la damu, si kwa ajili ya saratani. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikibana ghafla, huenda ni bonge: nenda hospitali siku hiyohiyo. Dawa za kuyeyusha bonge ni za hatari zaidi, na hutolewa mgonjwa akiwa chini ya uangalizi wa karibu.

Ninakohoa damu. Nyumbani wanasema damu yangu ni nzito, ninywe aspirini.

Usinywe. Mzee mmoja kutoka upande wa Tandahimba alitufikia akiwa na leso iliyolowa damu mkononi na vidonge vya aspirini vilivyofungwa kwenye kipande cha gazeti mfukoni. Alikuwa amevinywa kwa wiki tatu, na damu ilikuwa ikiongezeka kila siku. Aspirini huzuia damu kuganda, kwa hiyo kidonda kilichomo kifuani hakifungi.

Hata kidonge kimoja tu?

Hata nusu. Tumelisema hili mara nyingi, na bado vidonge vinanunuliwa dukani kabla ya mgonjwa kufikishwa kituoni.

Huenda ni vumbi la salfa tu?

Salfa inayopulizwa kwenye mikorosho hukereketa koo, lakini kukohoa damu si jambo la kusingizia salfa, wala kikohozi cha wiki mbili na zaidi. Pima makohozi, kipimo cha kifua kikuu ni bure. Majibu yakionyesha huna kifua kikuu, tafadhali usiridhike ukarudi shambani, kwa maana hapo ndipo wengi wanapotupotea: omba picha ya kifua.

Ninatumia warfarini niliyoandikiwa na daktari, na sasa ninakohoa damu.

Njoo leo, usisubiri kesho, na uje na vidonge vyako vyote.