Je, wajua kwa nini jezi ikifuliwa humwaga plastiki?

Nyofoa uzi mmoja pindoni mwa jezi ya mpira, ushike kwa koleo, uwashie kiberiti. Hautaungua kama uzi wa kanga ya pamba, unaonuka karatasi na kuacha majivu mepesi. Utajikunja, utayeyuka, na ukipoa utaacha kidonge kigumu. Plastiki huungua hivyo, na jezi ni plastiki.

Kwenye lebo ya shingoni inaitwa poliesta. Wakemia wawili wa Uingereza, John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, waliupata uzi huu mwaka 1941, na malighafi yake hutoka kwenye mafuta ghafi. Kikemia ni kitu kilekile cha chupa za maji ya dukani, ila hiki hupitishwa kwenye vitundu vyembamba kikatoka uzi. Leo zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa duniani ni poliesta. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, Tanzania ikafuata 2019. Tuliitoa plastiki mkononi, tukabaki nayo mwilini.

Sasa inamwagikaje? Uzi wa nguo si kitu kimoja. Ni nyuzi nyingi nyembamba zilizokusanywa pamoja. Wakati wa kufua, nguo zinasuguana, maji yanapenya katikati, na ncha zilizolegea zinakatika. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth walikadiria kuwa kilo 6 za nguo za akriliki, plastiki nyingine ya nguo, zikifuliwa mara moja kwa mashine, zinaweza kuachia nyuzi zaidi ya 700,000. Za poliesta zilikaribia 500,000. Pamba nayo huachia nyuzi, lakini za pamba huoza. Hizi za plastiki hufuata mtaro hadi mtoni, na mto hadi baharini.

Wenye mashine wana mtego wao. Ile programu ya nguo laini, ambayo mtu huichagua kwa nia njema, hutumia maji mengi zaidi, na utafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle wa 2019 uligundua kwamba ndiyo inayonyofoa nyuzi nyingi zaidi. Kumbe maji mengi yanayopita kwenye kitambaa yana nguvu kuliko ule mzunguko wa ngoma ya mashine.

Beseni, ambalo wengi wetu tunaliona ni shida za kukosa mashine, limefanya vizuri ajabu. Watafiti wa China walichapisha matokeo mwaka 2023: kitambaa cha poliesta kilichofuliwa kwa mikono kiliachia nyuzi chini ya 2,000 kwa wastani, wakati cha mashine kiliachia zaidi ya 23,000. Idadi ya nyuzi za kufua kwa mikono ilipanda walipoloweka nguo kwanza, walipoongeza sabuni, na walipoisugua kwenye ubao wa kufulia. Kwa hiyo anayeitandaza jezi kwenye saruji na kuishambulia kwa brashi ngumu asitegemee sifa hizi. Sioni kwa nini brashi iwe na huruma kuliko ubao. Fikicha kwa mikono, kwapani na kolani penye uchafu, basi.

Mtumba nao una lake jema. Nguo ya poliesta humwaga zaidi katika ufuaji wa mwanzo ikiwa mpya, kisha hupungua. Ile unayoichambua kwenye marundo ya Gikomba au Karume imeshamwaga sehemu kubwa huko ilikotoka. Bahari ya wengine imepata hasara, ni kweli, lakini kununua mpya kungeongeza nyingine.

Kinachotufanya tuifue jezi kila mara ni harufu. Poliesta hainywi jasho kama pamba, na mafuta ya mwili huing'ang'ania. Huko Ubelgiji, mwaka 2014, watu 26 waliendesha baiskeli za mazoezi, kisha fulana zao zikanuswa siku iliyofuata: za poliesta zilinuka vibaya zaidi, na bakteria wa jamii ya Micrococcus walistawi humo kuliko kwenye pamba. Kwa hiyo ya kushindia nyumbani iwe ya pamba, jezi ibaki ya uwanjani na ya siku ya mechi. Ukiivaa saa mbili tu kibarazani, ianike penye upepo badala ya kuirudisha kwenye beseni.

Na maji ya kufulia, kabla hujayamwaga, yapitishe kwenye kipande cha kanga kuukuu. Manyoya yatakayonaswa yatupe kwenye pipa la taka. Zile nyuzi ndogo kabisa zitapita.