Kuchora alizeti kabla ya kuipeleka kwenye kitambaa

Kazi yangu ya msingi ni batiki, na wengi wanaokuja kwangu hapa Dodoma kujifunza kuchora maua kibotania, yaani kama mmea wenyewe ulivyo, ni mafundi wa vitambaa waliozoea kuchora duara katikati, petali pembeni na shina chini. Ua la namna hiyo hupendeza kwenye nguo, lakini anayelitazama hawezi kusema ni la mmea gani.

Huwa naanza na alizeti, kwa sababu inalimwa sana Dodoma na Singida na kila mtu hudhani anaijua. Tunachokiita ua la alizeti ni kichwa chenye mamia ya maua madogo yaliyobanana. Kila “petali” ya njano ya ukingoni ni ua zima lisilozaa mbegu, na kila kitundu cha katikati ni ua jingine lenye chavua na stigma yake (sehemu inayopokea chavua), linaloweza kutoa mbegu moja. Maua hayo ya katikati hufunguka kuanzia nje kuelekea kitovuni, ndiyo maana kichwa kimoja huonyesha kwa wakati uleule pete ya maua yaliyokwisha kuchanua, pete ya yanayotoa chavua, na kitovu cha yaliyofumba. Yamejipanga kwa mistari inayopinda pande mbili, mara nyingi 34 upande mmoja na 55 upande wa pili. Asiyeihesabu huishia kujaza nukta, na nukta hizo huniudhi kuliko kosa lolote la rangi.

Tunapima kichwa kwa rula, tunakipasua kwa kisu ili kuona maua yalivyokaa, kisha tunachora kwa penseli ngumu. Kwenye rangi za maji, weupe ni karatasi yenyewe iliyoachwa bila kupakwa. Fundi wa batiki hahitaji kufundishwa jambo hili, kwani huziba kwa nta mahali ambapo rangi haitakiwi kuingia. Undugu wa kazi hizi mbili ni wa zamani: Maria Sibylla Merian, mchoraji wa Ujerumani aliyezaliwa mwaka 1647, alichapisha michoro ya maua iliyotumiwa na wadarizi kama vielelezo.

Kwenye kitambaa, nta ya moto husambaa, na mistari 34 kwa 55 ikikaribiana sana huungana. Hapo naruhusu kupunguza hadi 21 kwa 34, mpangilio unaoonekana kwenye vichwa vidogo vya alizeti, lakini siruhusu 20 kwa 30, kwa sababu huo si mpangilio wa alizeti.